Waliomshuhudia Alawi

Siku Alawi bin Salumu alipohitimu, mji mzima wa Bagamoyo ulitoka nje kumtazama, na katika mji mzima huo ni Bi Tabia peke yake aliyeona haya. Kijana alipitishwa mtaa kwa mtaa, joho limemshuka mpaka vidoleni, kilemba kimekaa upande, vigoma vinamtangulia, na mwalimu mkuu Mohamedi anamfuata kwa maringo utadhani yeye ndiye bwana harusi. Wanawake walisimama milangoni wakimrushia mchele. Bi Tabia naye alikuwa na mchele wake mkononi. Alawi alipompita, alimtazama usoni, akafyonya, akaufunga ule mchele kwenye pindo la leso, akarudi nyumbani akaupika.

Alijua alilolijua. Yeye ndiye aliyewafundisha watoto wa chuo herufi, pale barazani, kazi aliyoachiwa na marehemu baba yake, na kwa miaka thelathini hakuna mtoto aliyeingia ndani kwa walimu wanaume bila kupitia mkononi mwake. Alawi alikaa mbele yake miaka mitatu. Sauti alikuwa nayo, hilo hata adui yake asingelikana, na masikio yake yalikuwa ya ajabu, akisikia sura mara mbili amekwisha kuishika. Lakini herufi zenyewe hazikumwingia. Mwaka wa kwanza tu Bi Tabia aliligundua. Alimwekea kidole katikati ya mstari, akamwambia asome hapo. Mtoto akajikuna, akatazama paa, kisha akaanza mwanzoni kabisa mwa sura na kuteremka kwa wimbo mpaka alipodhani amefika chini ya kidole. Alikuwa amekipita kidole mistari miwili.

Alimbembeleza, akamchapa, akamfutia ubao na kumwandikia upya mara zisizo na idadi. Mwaka wa tatu Salumu, babake Alawi, alileta fahali chuoni, na juma lilelile kijana akahamishiwa ndani. Huko ndani Mwalimu Mohamedi hakumwekea mtu kidole katikati ya mstari. Mtoto akianza, anaachwa aende mpaka mwisho, wageni wanatikisa vichwa kwa utamu wa sauti, basi, amesoma. Bi Tabia aliyasikia hayo kila siku kupitia dirishani, na kila siku yalimnukia kama samaki wa juzi.

Na lililomuudhi zaidi ni kwamba chuo kile hakikuwa cha mtu. Mawe yake watu wa mji waliyatoa baharini kwa mikono yao, chokaa waliichoma wenyewe, boriti zilikatwa kwenye mikoko ya Mbegani, na hata wavuvi wasiokuwa na kitu walileta kamba za makumbi. Mji uliozoea kugombana juu ya kisima, juu ya mipaka ya minazi, juu ya nani akae safu ya mbele msikitini, haukugombana juu ya chuo. Walikubaliana kwamba mtoto yeyote atakayeletwa atapokewa, awe wa jumbe au wa mpagazi, na kwamba humo ndimo watakamotoka watu wa kuuongoza mji baada yao. Na walitoka kweli. Walitoka makadhi, manahodha na makarani wa forodhani, na wazee wa baraza ambao mtu akitoka mbele yao ameshindwa, bado anasema nimetendewa haki. Baba yake Bi Tabia aliwafundisha wengine kati ya hao. Sasa anatoka Alawi.

Basi vikaja vita vya Wadachi. Mizinga ililia, mji ukakimbia, mji ukarudi, na chuo kikakutwa hakina paa. Aliyeliezeka upya ni Salumu. Wakati wenziwe wanazika, yeye alikuwa amekwisha kuwapelekea Wadachi mbuzi na mashua, na kurudi nyumbani na bendera yao ndogo ya kutundika mlangoni. Mwalimu Mohamedi alimwombea dua mbele ya wanafunzi wote, dua ndefu mno, makuti mapya yakinukia juu ya vichwa vyao.

Vita vilipotulia, boma la Wadachi lilileta neno chuoni. Walitaka mtu mmoja wa kuwa akida, mkubwa wa vijiji vyote vya ng'ambo ya mto Kingani, kutoka mdomo wa mto kwenda kaskazini mpaka Winde. Vijiji hivyo vilikuwa vimepigana upande wa pili, na sasa kila kimoja kilitakiwa kipate cheti cha amani. Kijiji chenye cheti ni rafiki. Kisicho nacho ni adui, na watu walikwisha kuona adui wa Wadachi anafanywa nini. Amri zote zitakwenda kwa barua, kwa hiyo akida lazima ajue kusoma. Chuo ndicho kitoe jina, na wote waliomfundisha mtu huyo waandike kwa mikono yao kwamba wanamshuhudia.

Bi Tabia alipoisikia habari hiyo alimkumbuka mwanawe. Ng'ambo ya Kingani, katika kijiji cha Kigongoni, ndiko alikoolewa mwanawe wa pekee, Mosi. Mumewe Mosi, Mtoro, ndiye aliyekuwa mkubwa wa kijiji hicho, mkulima wa mpunga, mtu mpole, asiyejua hata herufi moja na asiyejificha kwamba hajui. Walikuwa na mtoto mmoja wa kike, ndiyo kwanza anatambaa. Maisha ya watu hao watatu yalikuwa yakingoja karatasi, na mtu wa kuisoma karatasi hiyo alikuwa akichaguliwa hatua chache kutoka pale barazani alipokuwa akifundisha.

Alikwenda ndani asiitwe.

Ilikuwa baada ya sala ya adhuhuri. Mwalimu Mohamedi na walimu wenzake wawili walikuwa wameketi mkekani, na Salumu ameketi nao, akichezea tasbihi, kama mtu aliyepita njia tu akaona apumzike.

"Karibu, Bi Tabia," alisema Mwalimu Mohamedi. "Nilikuwa nataka kukuita. Tumekubaliana juu ya Alawi. Wewe ndiye uliyemwanzisha, kwa hiyo jina lako litakaa hapa, chini ya langu."

"Nimshuhudie nini?"

"Kwamba anajua kusoma."

"Hajui."

Mmoja wa walimu alikohoa. Tasbihi ya Salumu ilisimama.

"Amehitimu, Bi Tabia," alisema Mwalimu Mohamedi taratibu. "Mji mzima umemwona."

"Mji umeona joho. Mpe barua, mwalimu. Mpe barua yoyote hapa mbele yetu aisome. Akiisoma, mimi nitaweka jina langu, na nitambusu mkono."

"Hatufanyi michezo ya kitoto hapa."

"Basi yupo Hija," alisema Bi Tabia. "Hija ulimfundisha mwenyewe. Hakuna anayesoma kama yeye katika mji huu, nawe unajua. Barua yoyote umpe, kwa mwandiko wowote, anaisoma amesimama."

Salumu alicheka. Hakucheka sana, alicheka puani.

"Hija mtoto wa mpagazi?" aliuliza. "Majumbe wakae chini, mtoto wa mpagazi akae kitini awaamuru? Lahaula!"

"Chuo hiki kilijengwa kwa ajili ya nani, bwana Salumu?"

"Hakuna aliyemfukuza Hija," Mwalimu Mohamedi aliingilia kati haraka. "Amesoma bure, amehitimu, na boma wamemchukua akawaandikie barua. Ni kazi nzuri. Anayeandika hukaa ndani, haonekani. Akida ni mtu wa kuonekana."

Bi Tabia alimtazama. Alimkumbuka mtu huyu akiwa kijana, miguu imejaa vumbi, amekuja kumlilia baba yake ampokee chuoni kwa sababu kwao hawakuwa na kitu. Na baba yake alimpokea. Leo shavu limejaa, ndevu zimetiwa hina, na maneno yanamtoka laini kama mafuta ya nazi. Alimwona mchafu. Alitamani kuondoka akaoge.

"Siandiki," alisema.

Mwalimu Mohamedi hakukasirika. Alimsogelea, akateremsha sauti, na hapo ndipo alipomshika pabaya.

"Miaka mitatu kijana huyu alikaa mbele yako. Si mbele yangu, mbele yako. Kama hazijui alifu na bee, aliyemfundisha alifu na bee ni nani? Unataka niwaandikie boma kwamba mwalimu wetu wa herufi hajui kufundisha herufi? Wazazi wakisikia, watamleta nani barazani kwako? Na marehemu baba yako aliyekuachia baraza lile, tuseme alikosea?"

Nje watoto walikuwa wakiimba herufi bila mwalimu, wakizikosea, wakicheka. Bi Tabia aliwasikiliza. Alijiambia kwamba akida ana watu wake. Alijiambia kwamba mtu asiyejua akiletewa barua atamwita pembeni mwenye kujua, ampe kitu kidogo, asomewe, mambo yaishe. Alijiambia na mengine. Kisha alichukua kalamu akaandika jina lake, akaliandika vizuri mno, kila herufi imekaa mahali pake, kwa sababu hakutaka watu wa boma waone mwandiko mbaya.

Alawi alivuka Kingani na kiti, mwavuli, na watu wanne wa kumbebea mizigo. Habari zake zilianza kurudi mjini kabla mwezi haujaisha. Amejengewa nyumba kwa miti ya watu. Anabebwa mgongoni penye matope. Kuku wa mtu akipita mbele yake ni kuku wake. Akiwaamua watu wawili, huwasomea aya kwa sauti ile tamu, kisha humpa haki aliyekuja na mbuzi. Chuoni Mwalimu Mohamedi aliyageuza yote kuwa sifa. Aliwaambia wanafunzi kwamba vijiji vinamwogopa Alawi, na kuogopwa ndio mwanzo wa uongozi. Bi Tabia, nje barazani, aliyasikia akatema mate mchangani mbele ya watoto, jambo ambalo hakuwahi kulifanya maishani mwake.

Jumanne moja asubuhi Mosi alifika nyumbani kwa mama yake, mtoto mgongoni, kikapu cha mchele kichwani, uso unacheka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Habari za Kigongoni?"

"Njema, mama, njema kabisa! Tumepata cheti."

Bi Tabia alikaa chini. Alimpokea mtoto, akamweka mapajani, akamshukuru Mungu kwa sauti. Furaha ilimjaa hata akasahau kuuliza. Mosi mwenyewe ndiye aliyeanza kusimulia, huku akiuchagua mchele.

"Ilikuja barua ya boma Jumamosi. Akida akatukusanya wote, wake kwa waume. Mama, yule mtu anasoma! Yanamtoka kama maji. Ila janabi, al-muhibu, al-akramu, Mungu amweke daima dawamu... salamu moja baada ya nyingine, mpaka wazee wakatoa machozi. Walisema Wadachi kumbe ni watu wa adabu."

Mkono wa Bi Tabia ulisimama juu ya kichwa cha mjukuu wake. Barua zote za pwani huanza hivyo. Ya tajiri, ya mdeni, ya kuomba mke, ya kutangaza msiba, zote zina salamu zilezile kwa mpango uleule, na mtu mwenye masikio hawezi kukaa mjini miaka ishirini asizijue kwa moyo.

"Na baada ya salamu?" aliuliza.

"Baada ya salamu aliitazama sana, akatikisa kichwa. Akasema, yaliyobaki ni maneno ya kiserikali, maana yake ni kwamba hiki ndicho cheti chenu chenyewe. Akampa Mtoro mkononi. Akasema, kiweke, na siku askari wakija watolee hiki tu, watapita zao. Kisha tukamchangia kuku."

"Alikisoma, au alikwambieni maana yake?"

Mosi aliinua macho. "Si ni mamoja, mama? Yeye ndiye msomi. Si amepita mkononi mwako?"

Hapo neno lilimfika Bi Tabia mdomoni. Nenda kanichukulie karatasi hiyo, leo hii, mbio. Lilikuwa pale, juu ya ulimi. Lakini kulisema ni kumwambia mwanawe kwamba mtu aliyewekwa juu yao hajui kusoma, na kumwambia hivyo ni kumwambia na lile lililofuata, kwamba mama yake alilijua hilo na akaweka jina lake. Mosi alikuwa akimtazama kwa fahari, macho yaleyale aliyokuwa nayo utotoni alipokuwa akimwona mama yake anawafundisha wana wa majumbe.

"Siku moja mwambie Mtoro aje nayo," alisema Bi Tabia. "Niuone mwandiko."

"Hataiachia, ameishonea mfuko! Lakini nitamwambia. Labda mwezi ukiandama."

Mosi alirudi kwake alasiri hiyo. Bi Tabia alimsindikiza mpaka kivukoni, akamtazama akivushwa kwa mtumbwi, na njia nzima ya kurudi akajisemea kwamba pengine ni cheti kweli. Kwa nini kisiwe cheti? Ijumaa ilikuja ikapita.

Jumapili moshi ulionekana upande wa kaskazini, mwingi, mweusi. Watu walisimama ufukweni wakiutazama. Waliokuwa na ndugu ng'ambo walishika vichwa. Wasiokuwa nao walisema ni mashamba tu yanachomwa, ingawa haukuwa msimu wa kuchoma mashamba.

Jumatatu mchana Mosi aliingia tena kwa mama yake. Safari hii hakutoa salamu. Nywele zilikuwa zimeungua upande mmoja, leso ilikuwa ya mtu mwingine, na mtoto mgongoni alikuwa kimya kwa namna ambayo watoto hawawi. Bi Tabia alimfungua mtoto, akamkuta mzima, akamnywesha maji. Kisha akamkalisha mwanawe, akamkanda miguu, asiulize kitu, mpaka Mosi alipoanza kusema mwenyewe.

"Walikuja alfajiri, askari wa Kinubi na Mdachi mmoja. Watu walitaka kukimbia. Mtoro akasema msikimbie, tunacho cheti. Akavaa kanzu yake ya sikukuu, mama. Akatoka peke yake, ameishika karatasi juu hivi, kwa mikono miwili, ili waione kutoka mbali. Mdachi aliipokea. Akampa mtu wake akamsomea. Mtoro alikuwa anatabasamu. Mdachi akaitupa chini, akasema neno, wakampiga risasi palepale. Kisha wakachoma. Mimi niliiokota. Nilisema nimletee mama aniambie, cheti hiki kilikuwa na kosa gani."

Aliitoa kifuani. Ilikuwa imekunjwa mara nne na ilikuwa na alama ya kiatu.

Bi Tabia aliifungua, na kabla hajasoma aliujua mwandiko. Ulikuwa wa Hija. Na Hija, ambaye alijua barua hii inakwenda kwa nani, alikuwa ameandika herufi kubwa kubwa, zimeachana, na kila herufi ameitilia irabu zake, ya juu na ya chini, kama wanavyotiliwa watoto wa barazani. Mtoto wa miaka minane angeisoma. Salamu zilichukua mistari mitano. Baada yake palikuwa na mistari mitatu tu. Bi Tabia aliisoma kwa sauti, kwa sababu Mosi alikuwa akingoja.

"Tunakuarifu kwamba wazee wa Kigongoni waje bomani Bagamoyo kabla ya kuzama kwa jua siku ya Ijumaa, wapewe cheti cha amani. Wasipokuja, watahesabiwa adui, na kijiji chao kitachomwa. Akida awasomee barua hii wote waisikie, neno kwa neno."

Bi Tabia alisimama, akajitanda leso, akaichukua barua, akatoka. Hakukumbuka kuvaa viatu.

Chuoni palikuwa na sherehe. Alawi alikuwa amekuja mjini kutoa habari bomani, na alikwisha kuzitoa. Alipoulizwa kwa nini wazee wa Kigongoni hawakuja, alisema ni watu wakaidi, aliwasomea amri wakaikataa. Boma walikuwa wameridhika, wakamwongezea vijiji vingine vitatu. Sasa alikuwa ameketi kwenye kiti mbele ya wanafunzi waliopangwa safu, babake kando yake, na Mwalimu Mohamedi amesimama akiwaambia watoto wamtazame vizuri, kwa maana haya ndiyo matunda ya chuo hiki. Harufu ya pilau ilikuwa imejaa ukumbi.

Alipita katikati ya watoto, akamnyooshea Alawi barua.

"Soma," alisema.

Alawi alitabasamu. Wazee wa kike walikuwa wakimletea barua kila mara. Aliipokea, akaitazama, akaifungua sauti yake nzuri.

"Ila janabi, al-muhibu, al-akramu..."

Aliendelea mpaka salamu zikaisha, asikosee hata moja. Watoto walisikiliza midomo wazi. Kisha akaishusha barua.

"Endelea," alisema Bi Tabia. "Imebaki mistari mitatu."

"Yaliyobaki ni..." Alawi alimtazama baba yake. "Ni maneno ya kiserikali, mama."

"Ni barua ya Kigongoni! Mkwe wangu ameuawa ameishika mkononi, wewe ulimwambia ni cheti! Kuku wake uliwala!"

Mwalimu Mohamedi aliichukua barua kutoka mkononi mwa Alawi. Yeye alijua kusoma, na alisoma vizuri. Bi Tabia aliyaona macho yake yakishuka mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu, na akaona rangi ikimtoka usoni. Kwa kitambo kidogo alidhani mtu huyu atasema kweli. Mwalimu Mohamedi aliwaambia watoto watoke nje wakanawe, chakula tayari.

Walipotoka, alisema, "Ni msiba mkubwa, Bi Tabia. Mungu amrehemu. Lakini tazama mbele. Tukipeleka neno bomani kwamba Alawi hajui kusoma, watauliza nani aliyewaambia anajua. Watafunga chuo. Watoto hawa wote, wa maskini na wa matajiri, waende wapi? Chuo ni kikubwa kuliko mtu mmoja."

"Chuo gani?" alisema Bi Tabia. "Kiko wapi? Mimi naona banda la kuchinjia watu, mmeliezeka makuti mapya. Mmenitia kinyaa mpaka na mikono yangu mwenyewe siwezi kuitazama."

"Mikono yako," alisema Salumu kutoka pembeni, tasbihi inazunguka, "iliandika jina chini ya la mwalimu. Karatasi hiyo iko bomani. Ukimpeleka mwanangu, mnakwenda pamoja."

Alawi alikuwa amesimama kando ya kiti chake, mikono inaning'inia. Alionekana kama yule mtoto aliyejikuna na kutazama paa. "Mimi nilidhani ni cheti," alisema. "Wallahi, mama, kilionekana kama cheti."

Mwalimu Mohamedi alianza kuikunja barua aitie mfukoni. Bi Tabia alimpokonya kwa nguvu hata kucha zikamchuna kiganja, akatoka nayo. Barazani watoto walikuwa wakinawa mikono kwa zamu, na wote walimwamkia kwa sauti moja, shikamoo mwalimu, kama kila siku. Aliinamisha uso akapita.

Nyumbani Mosi alikuwa ameketi palepale alipomwacha. Mtoto alikuwa amelala mapajani mwake. Bi Tabia aliiweka barua juu ya mkeka, akakaa upande wa pili.

"Wamesema nini?" Mosi aliuliza.

"Wamesema Mungu amrehemu."

"Mama, yule mtu hajui kusoma."

"Hajui."

"Tangu lini?"

"Tangu utotoni."

Mosi alifikiri. Alikuwa akifikiri taratibu, kama mtu anayetembea gizani akipapasa ukuta.

"Basi Wadachi wamelijuaje jina lake? Nani aliyewaambia kwamba anajua?"

Majina yalikuwapo. Mohamedi alikuwapo, na wale walimu wawili, na Salumu na fahali wake, na yote yangekuwa kweli. Bi Tabia aliyapitia moja moja moyoni mwake, na kila moja lilimnukia.

"Mimi," alisema. "Niliandika kwa mkono wangu. Na Jumanne uliponiambia habari za salamu, nilijua. Niliona haya kukwambia."

Mosi alisimama, akamfunga mtoto mgongoni kwa ile leso ya watu, akainama, akaiokota barua kwenye mkeka.

"Unakwenda wapi, mwanangu? Huna pa kwenda."

"Nakwenda kwa Hija," alisema Mosi. "Anisomee yeye. Hayo uliyonisomea wewe, sijui kama ndiyo yaliyoandikwa."